Ngoja Wajuzi Waje

Takataka za kwanza kuingia kwenye jukwaa letu la mtandaoni la wafugaji wa kuku ziliandikwa kwa Kirusi. Ilikuwa katikati ya miaka ya 2000. Watu wanajadili namna ya kuwakinga vifaranga na baridi, mara linatokea bandiko lenye herufi ambazo hakuna mmoja wetu aliyeweza kuzisoma, na chini yake msururu wa linki. Baadaye zikafuata za Kiingereza: vidonge vya nguvu za kiume, kamari, saa bandia. Intaneti wakati ule ilikuja kwa setilaiti, nzito na ghali, na wengi wetu tuliitumia kwenye intaneti kafe tukilipia kwa nusu saa. Takataka zilikula muda ambao mfugaji ameulipia kwa fedha yake mwenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nikubali kazi ya kulisimamia jukwaa lile usiku, bila malipo.

Waliotuma takataka hizo wala hawakutaka tuzisome. Mlengwa wao alikuwa Google. Tovuti iliyotajwa na kurasa nyingi ilipanda juu kwenye matokeo ya utafutaji, hivyo wakaunda programu zilizozunguka mtandaoni, zikijisajili zenyewe na kubandika linki popote penye mlango wazi. Mwaka 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana kuhusu alama ya kuzifanya linki za namna hiyo zisihesabiwe. Haikusaidia sana, kwa sababu programu ya kubandika haijali kama bandiko moja limeleta faida. Inabandika laki moja na kuendelea. Tabia yenyewe ilikuwa ya zamani. Mwaka 1994 wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walitandaza tangazo la huduma yao ya bahati nasibu ya Green Card ya Marekani kwenye maelfu ya makundi ya majadiliano ya Usenet. Walilaaniwa kila kona, lakini wengine wakawaiga.

Dawa iliyokuwa ikitumika kwingine ni picha yenye herufi zilizopindapinda, uzinakili ndipo uingie. Kwetu ilitesa watu kuliko mashine: picha ilichelewa kufunguka, na wazee walishindwa kuisoma. Tukaiondoa na kuweka swali la Kiswahili: andika jina la kuku dume. Tulikubali jogoo, na jimbi pia kwa ajili ya ndugu zetu wa Pwani na visiwani. Usajili wa mashine ukakoma karibu kabisa. Miaka ile lugha yetu ilikuwa ukuta, maana hakuna aliyeona faida ya kuifundisha programu ya kuuza vidonge neno jogoo.

Ukuta huo haukudumu. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka huohuo Google ikaanza kutafsiri Kiswahili. Tukaanza kupata matangazo ya mikopo ya riba ndogo katika Kiswahili kilichovunjika viungo, na wale wanaokualika ujiunge na Freemason upate utajiri kabla ya mwezi kuisha. Bado yalitambulika kwa sentensi ya kwanza. Nilikuwa nikiyafuta asubuhi kabla ya chai, na sikuona tena kama ni tatizo kubwa.

Tatizo kubwa lilikuwa letu wenyewe. Mtandao uliposhuka bei, watu waliongezeka, nasi tulifurahi. Pamoja nao ikaja desturi ya kujaza seva. Kila aliyewahi kukaa kwenye majukwaa ya Tanzania anajua mabandiko yenyewe: “Siti ya mbele.” “Nimeweka kambi hapa.” “Uzi tayari.” Na lile lililozidi yote: “Ngoja wajuzi waje.” Kwenye uzi wa mpira au wa mapenzi hayana madhara, ni watu wanafurahishana. Kwenye uzi wa ugonjwa ni jambo jingine.

Nakumbuka uzi mmoja wa Jumamosi jioni. Mfugaji anaandika kwamba kuku wake wamezubaa, wameshusha mabawa, kinyesi ni cha kijani, na wawili shingo zimepinda. Mwenye uzoefu akisoma hayo anashuku ugonjwa wa kideri mara moja. Ukurasa wa kwanza ukajaa “pole mkuu”, “ngoja wajuzi waje”, “na mimi nasubiri majibu”. Ukurasa wa pili mmoja anasema wape OTC, dawa ya kupambana na bakteria, ilhali kideri husababishwa na virusi. Mwingine shubiri, mwingine pilipili. Watatu wakaanza kubishana kuhusu bei ya mayai. Jibu la maana lilitokea ukurasa wa nne: tenga wagonjwa, wasiliana na ofisa mifugo, usiuze wala kuhamisha kuku, fukia mizoga, na ukianza upya chanja vifaranga dhidi ya kideri siku ya 7, urudie siku ya 21, na usisahau chanjo ya gumboro siku ya 14. Mwenye kuku alikuwa ameshatoka. Ameona kurasa mbili, akaondoka na shauri la OTC.

Aliyetoa jibu lile alikuwa daktari wa mifugo aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), mtu mpole, aliyejibu maswali yetu usiku baada ya kazi bila kudai hata shukrani. Miezi michache baadaye akapotea. Nilimpigia simu nikidhani kuna aliyemtukana. “Hapana, ndugu yangu,” akaniambia. “Ila naingia na nusu saa yangu, inaisha nikitafuta swali liko wapi.”

Maneno hayo yalibadilisha namna ninavyoitazama kazi hii. Mpaka hapo tulihesabu madhara ya takataka kwa kilichoingia. Hasara halisi ni kile kinachotoka. Mtu asiye na la kusema hachoki. Ana muda wote duniani. Anayejua ndiye mwenye shughuli nyingi, ndiye anayechoka kwanza, na anaondoka bila kuaga. Jukwaa linabaki na watu wengi wanaomsubiri mjuzi ambaye wao wenyewe wamemfukuza.

Tukaweka sheria kwenye sehemu ya magonjwa: bandiko lisiloongeza kitu linaondolewa. Upinzani ulikuwa mkali. Tuliitwa madikteta, tukaambiwa tunabana uhuru wa maoni. Aliyenigusa ni mwalimu mstaafu, mama mwenye heshima zake, aliyeniandikia faraghani: “Mwanangu, mtu amefiwa na kuku wote, kisha hata pole asipewe?” Hoja yake ilikuwa na uzito. Pole si takataka katika nchi yetu, ni wajibu. Tukafungua sehemu tuliyoiita Barazani, ya pole, salamu na pongezi, na yeye tukamwomba aitunze. Aliitunza vizuri mno. Kuna watu waliozoea kuja jukwaani kwa ajili ya Barazani tu, na sikuona ubaya wowote.

Kisha WhatsApp ikatuhamisha sote. Ilikuwa nafuu, ilikuwa kiganjani, na jukwaa la zamani likabaki tupu. Kwenye kundi hakuna nyuzi wala sehemu: swali la kideri, maua ya asubuhi njema, dua, video ya ajali na “tuma kwa watu kumi usikatishe mnyororo” vyote vinapita mlango mmoja. Kufuta bandiko la mtu usiyemjua ni rahisi. Kumwambia mzee wa mtaa wenu, uliyemwamkia jana, kwamba ua lake la waridi linafunika swali la ugonjwa kunahitaji moyo. Nilijifunza kuwapigia simu watu wa namna hiyo, na kuanza na shikamoo. Wengi walielewa. Hawakuwa wakituma kwa ubaya. Walitaka kuonekana kuwa wapo, na kwa mtu aliyestaafu anayekaa peke yake, hilo ni hitaji la kweli.

Kwa video za kusambazwa tulipata msaada usiotarajiwa kutoka kwa kampuni yenyewe. Mwaka 2018 WhatsApp ilizuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya makundi au watu 20 kwa mkupuo, Januari 2019 ikashusha hadi watano, na Aprili 2020, wakati wa corona, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda kwa mmoja tu. Kampuni ilisema usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Wanaosema teknolojia haiwezi kurekebisha tabia hawakuwa wasimamizi wa kundi mwaka ule. Matapeli wa vifaranga walitushinda zaidi: picha nzuri za watu wengine, bei ya chini, tuma nusu kwanza. Tuliishia kuamua kwamba hakuna tangazo la muuzaji mpaka mwanachama mmoja amefika bandani kwake.

Tangu mwishoni mwa 2022, baada ya ChatGPT kutoka, imekuja aina mpya ya takataka, na hii inanitia wasiwasi kuliko zote. Swali linaulizwa, dakika hiyohiyo linatua jibu refu la Kiswahili safi, limepangwa vizuri: hakikisha usafi wa banda, wape maji safi, zingatia lishe bora, muone mtaalamu. Hakuna kosa ndani yake. Lakini halijauliza kuku wana umri gani, wamechanjwa lini, jirani naye amepoteza wangapi. Aliyelibandika hana kuku, alitaka kushukuriwa. Kulifuta ni vigumu, kwa sababu kila sentensi ni kweli, na anayelitetea ananiuliza kosa liko wapi. Namwambia arudi na alichokiona kwa macho yake.

Mwaka jana nilimwendea daktari wetu nyumbani kwake kumwomba arejee. Alikubali kwa sharti moja: asione kundi. Anatumiwa maswali tu, na kila swali liwe na umri wa kuku, idadi, dalili, tarehe ya chanjo na chakula wanachokula. Mwalimu mstaafu ndiye anayeyakusanya mchana kutwa na kumpelekea jioni. Asiyetaja chanjo anapigiwa simu, anasalimiwa vizuri, anapewa pole yake, na swali lake halipelekwi mpaka aitaje.