Swali Langu Katika Bustani Nyeupe

Treni kutoka Charing Cross, London, hadi Staplehurst inachukua kama saa moja. Saa nzima hiyo mimi na mwenzangu hatukusemezana. Wiki moja kabla ya safari aliniambia kwamba amewahi kumpenda mwanamke na amewahi kumpenda mwanamume. Anavutiwa na jinsia zote mbili. Nilimshukuru kwa ukweli wake. Usingizi ukanipotea. Jamani, mimi peke yangu nitamtosha?

Stesheni tulichukua teksi hadi Sissinghurst, bustani maarufu ya Kent. Mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson, mwanadiplomasia, walioana mwaka 1913 na kuinunua sehemu hii mwaka 1930 ikiwa magofu. Harold alichora mistari ya bustani, Vita akaijaza maua. Wote wawili walivutiwa na jinsia zote. Mwaka 1920 Vita alitorokea Ufaransa na mpenzi wake, Violet Trefusis. Harold na mume wa Violet wakapanda ndege ndogo kuwafuata hadi Amiens! Ndoa haikuvunjika. Baadaye kila mmoja alikuwa na wapenzi wa nje, na mwenzake akijua.

Kwenye mnara, mbele ya chumba alichoandikia Vita, nikamnong'oneza mwenzangu: "Unaona? Ndivyo mnavyoishi."

Akaniangalia. "Hao walikubaliana hivyo. Mimi na wewe tumekubaliana nini?"

Sikuwa na jibu. Mpenzi wangu wa zamani alipenda wanawake tu, na sikuwahi kumwuliza swali hilo. Nilidhani tumeelewana. Kumbe alikuwa na nyumba ndogo miaka miwili.

Tukakaa kwenye benchi katika Bustani Nyeupe, ambako maua yote ni meupe, na majani ni ya kijani na ya kijivu. Tukaongea kwa mara ya kwanza bila kuzungukazunguka. Yeye anataka mpenzi mmoja, nami vilevile. Meseji za wapenzi wa zamani je? Salamu tu, na bila kufichana. Mmoja wetu akianza kumtamani mtu mwingine? Aseme mapema, kabla hajafanya lolote.

"Na mimi nina ombi," akasema. "Siri yangu usiwape mashoga zako. Nitaisema mwenyewe nikiwa tayari."

Nilishikwa na aibu. Nilikuwa nimeshamwambia mmoja. Nikakiri. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani tutarudi kila mtu na behewa lake. Kisha akasema, "Basi uwe wa mwisho."

Mpenzi msomaji, ukipata nafasi nenda mwanzoni mwa Julai, waridi jeupe linapofunika kibanda cha katikati ya bustani. Nenda na mwenzio, na mwulize lile swali ambalo umekuwa ukijijibu mwenyewe.

Makala hii mwenzangu ameisoma kwanza. Amefuta sentensi mbili, nami sikubishana.