Anachezesha vidole, kumbe kavunjika (Sehemu ya 6)

Mama zangu, leo naandika kitu ambacho nimekionea aibu muda mrefu.

Dada yangu alinipigia nikiwa zamu ya usiku. Mwanae wa miaka 6 kaanguka kwenye mpera, kiwiko kimevimba. Nikamuuliza, "Anachezesha vidole?" Akasema ndiyo. "Basi hajavunjika. Mpe Panadol, kesho mtaangalia." Mimi, nesi kabisa!

Kesho yake jirani akaleta mtu wa kuchua, wakafunga vijiti. Mfupa ukaunga, ila ukaunga vibaya. Sasa hivi akinyoosha mikono, kiwiko cha kushoto kinachomoza nje na kiganja kinaingia ndani. Wenzake wanamwita Kona.

Sikia mama. Vidole vinaweza kucheza vizuri tu hata kama mfupa umevunjika juu ya kiwiko. Pale mfupa wa mtoto ni mwembamba, ndiyo maana watoto wa miaka 5 hadi 7 wanavunjika sana hapo wakiangukia mkono ulionyooka. Na ile ya "atakua, utanyooka" usiitegemee. Mfupa huu unakua zaidi upande wa begani, huku kwenye kiwiko unakua kidogo, kwa hiyo kupinda kule kunabaki.

Nilitakiwa kumwambia hivi: usiuvute, usiuchue. Ufunge na khanga shingoni vilevile ulivyo, nenda usiku huohuo penye eksirei. Usimlishe njiani, huenda akahitaji dawa ya usingizi ili awekewe pini. Na akishafungwa plasta, vidole vikiwa vya baridi, vikipauka au kufa ganzi, au akilia zaidi ukimnyooshea vidole, rudi saa hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki. Hapo misuli inaweza kufa ndani ya saa chache.

Daktari wa mifupa anasema mkono wake unafanya kazi, unakunja, hauumi. Kuunyoosha inabidi mfupa ukatwe upya, tuamue wenyewe. Bado hatujaamua. Mtoto aliniuliza, "Mamdogo, watanikata mkono wote?"

Dada hajawahi kunilaumu, hata kwa utani. Juzi saa nne usiku akapiga tena, yule mdogo kaanguka kitandani, kaangukia mkono. Hakuniuliza kitu. Alikuwa ananijulisha tu kwamba wameshapanda bajaji.