Ngoma Isiyotoa Jasho

Msomaji mwenzangu, hebu siku moja usikilize mvua inavyoanza kupiga juu ya bati. Sisi wa Babati tunazijua mvua hizo, zinateremka kutoka mlima Kwaraa bila kupiga hodi. Hakuna matone mawili yanayotoa mlio uleule. Sasa njoo chumbani kwa rafiki yangu anayetengeneza muziki, ubonyeze kitufe cha ngoma kwenye kompyuta yake: pa, pa, pa, pa. Zote sawasawa, kama matofali yaliyofyatuliwa kwenye kalibu moja. Jambo hilo limetusumbua karibu mwaka mzima.

Mimi si mwanamuziki. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo naandika riwaya juu ya mpiga ngoma wa bendi ya dansi. Imefika sura ya saba, imekwama. Rafiki yangu yeye ana wimbo wa marehemu mama yake, na anautaka uwe dansi la zamani, lile mama mwenyewe alilokuwa akilisikiliza redioni huku anachambua mchele. Mashairi niliandika mimi. Gitaa lilipatikana, besi tukaitoa kwenye kinanda. Ngoma ikagoma.

Angekuwa anapiga singeli tusingehangaika. Singeli inakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na haioni haya kuwa mtoto wa mashine. Mzazi wake, mchiriku wa Dar es Salaam wa miaka ya 1990, alijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio, ngoma za mkono na spika za pembe zinazokwaruza. Ule mlio wa bandia ndio utamu wake. Lakini dansi ni habari nyingine, bwana. Ukisikiliza Msondo au Sikinde unasikia watu wanaopumua, na mpiga tumba anayemjibu mwimbaji.

Basi tukajisomea. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine iitwayo LM-1, iliyokuwa na milio ya ngoma za kweli zilizorekodiwa na kuhifadhiwa kwa tarakimu. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na pamoja na ughali huo haikuwa na matoazi makubwa. Toazi hulia muda mrefu, na kumbukumbu ya mashine wakati huo ilikuwa ghali mno. Mwaka huohuo Roland ya Japani ikatoa TR-808, ambayo haikurekodi ngoma yoyote. Mlio wake ulitengenezwa na umeme wenyewe. Leo simu ya mkononi tu inaizidi LM-1 kwa nafasi, kwa hiyo tatizo haliko huko tena. Liko kwenye idadi ya mapigo. Ukitaka kulidanganya sikio, ngoma moja uirekodi mara nyingi: polepole, wastani, kwa nguvu, na kila kiwango mara kadhaa, ili kompyuta izungushe na isirudie pigo lilelile mfululizo.

Rafiki yangu alipakua sampuli za bure mpaka bando likakata. Nyingine nzuri, sikatai. Ila kila ngoma iliyorekodiwa imebeba chumba chake: dari, zulia, umbali wa ukuta. Zile zilikuwa zimetoka kwenye studio kimya kama benki. Tukiziweka chini ya gitaa letu, lililorekodiwa kitandani huku bodaboda zinapita, ilikuwa kama mgeni aliyevaa suti kwenye msiba wa kijijini. Hakosi adabu, lakini wote mnamwona.

Hapo nikamkumbuka mjomba. Alipiga tumba kwenye bendi za dansi ujana wake wote, leo Arusha kesho Moshi. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia mzima, wa kushoto unachelewa, na kikombe anakishika kwa uangalifu. Tumba zake mbili ziko kwake Maisaka, zimefunikwa kitenge.

“Shikamoo, mjomba,” tukaanza, tukamweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

“Yaani mnataka kunikatakata vipande muwe mnanipanga wenyewe?”

Sikuwa na jibu. Kwa kweli ndicho tulichokuwa tunataka.

Alikubali, lakini kazi haikwenda kama maelekezo yalivyosema. Maelekezo yanasema mpigaji apige mara moja, anyamaze mpaka mlio ufe, apige tena. Mjomba hakuweza. Anapiga moja, mkono unaomba ya pili. “Ngoma haisemi neno mojamoja,” akasema, “hata mtoto mchanga hasemi hivyo.” Tukaacha kinasa sauti kiende, akapiga zaidi ya nusu saa, shati likamganda mgongoni. Shangazi alisimama mlangoni, sufuria mkononi, hasemi kitu.

Kukata tulikata sisi usiku. Hapo ndipo tulipogombana. Mapigo ya kushoto yalikuwa madogo, na yote yamechelewa kidogo. Rafiki yangu alitaka kuyavuta yakae kwenye mstari, maana programu inafanya hivyo kwa kubonyeza mara moja. Mimi nilikataa. Nilimwambia ukimnyoosha mjomba, kuna faida gani kuacha zile za studio? Akanijibu kwamba wimbo ni wa mama yake, si riwaya yangu. Alikuwa na haki. Alivuta nusu, tukasikiliza. Akarudisha mwenyewe bila kuniambia neno. Kule kuchelewa kulifanya wimbo ukae kama mtu aliyeegemea kiti.

Wimbo uliisha. Mjomba aliusikiliza kwa spika za masikioni, akicheka peke yake, kisha akauliza swali ambalo sisi wawili hatukuwa tumelifikiria: “Nikishakufa, mkono huu utakuwa unampigia nani?”

Halikuwa swali la bure. Prodyuza mmoja wa Arusha alikuwa ameshausikia wimbo na anataka anunue sampuli zote. Wimbo ukiwa na mtunzi, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua. Anayetambulika kwa pigo moja la ngoma lisilofika hata sekunde ni nani? Tulimpelekea mjomba suala hilo pamoja na bei. Alifikiri siku tatu.

“Wa kulia muuzieni,” akasema. “Wa kushoto bakini nao.”

Rafiki yangu alikesha akizitenganisha faili, moja moja, kwa sikio.