Swima: watoto wanataka mpira wa kisasa, betri ni moja

Hapa Swima, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 inayofuata Ziwa Tanganyika kutoka Uvira kwenda Baraka, kuna kijana fundi wa simu anayejulikana kwa kompyuta yake kuliko kwa jina lake. Ni mashine ya mezani ya mwaka 2012, Intel Core i5 ya kizazi cha tatu, yenye RAM ya GB 4. Mchana inaingiza nyimbo kwenye kadi za simu. Jioni wanaunganisha manete mbili, watoto wanajaa kwenye benchi, mpira unaanza.

Tangu mapigano yafike Uvira mwezi wa Desemba 2025, benchi halitoshi. Familia zilizokimbia kutoka mjini na kutoka bonde la Ruzizi zimepokelewa majumbani, na watoto wao hawana pengine pa kwenda jioni. Baadhi yao walizoea EA Sports FC kwa majirani wenye mashine mpya, na hawakuficha dharau yao. "Yaya, hapa hakuna FC?" mmoja aliuliza siku ya kwanza. Fundi akajibu kwamba ataitafuta. Neno kama hilo, likisemwa mbele ya watoto zaidi ya kumi, ni deni.

Akapiga hesabu. FC 24, mchezo uliotoka Septemba 2023 baada ya jina la FIFA kuachwa, unadai RAM ya GB 8, nafasi ya GB 100 kwenye diski na kadi ya picha ya daraja la GTX 1050 Ti. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, yaani picha zenyewe si za kujivunia. Na hata ukiulipia, kushusha GB 100 kwa mega za simu ni kazi ya mwenye duka kubwa, si ya mwenye kibanda.

Alianza na kazi isiyodai pesa nyingi. Alifungua mashine, akapuliza vumbi, akafuta dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka nyingine. Akachomoa RAM na kusugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli. Meno hayo yamepakwa dhahabu, tabaka jembamba sana, kwa sababu dhahabu haipati kutu. Vijana wawili waliokuwa wakitazama walicheka sana. Wamewahi kuchimba Misisi, hapa hapa Fizi, na hawakujua kwamba dhahabu inaweza kuishia kwenye kitu cha kusuguliwa na kifutio cha mwanafunzi. Kicheko chao kina haki yake. Koltani na kasiteriti za Kivu zinatoa tantali na bati, madini ambayo viwanda vya kompyuta haviwezi kuyakosa, na hapa mtu anasubiri boti imletee RAM iliyokwisha kutumika.

RAM hiyo ilifika kutoka Kigoma: GB 4 nyingine, pamoja na diski ya SSD ya GB 240. Ilibidi iwe DDR3, maana DDR4 haiingii kwenye ubao wa zamani hata ukiisukuma. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata ukiongeza RAM namna gani. Yake ilikuwa hiyo. Akaiondoa, akaweka Windows 10 ya biti 64. Ni kweli Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya umri huo, na mashine yake haiingii kwenye intaneti. Zamani ukiiwasha ulipata muda wa kwenda kuchota maji. Sasa inawaka kabla mtu hajakaa vizuri.

Ikabaki kadi ya picha, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. GTX 1050 Ti ni kadi ya mwaka 2016. Inatumia hadi wati 75. Pesa alikuwa nayo karibu yote. Mama yake hakuuliza bei, aliuliza, "Na betri je?"

Swali hilo lilikuwa la kifundi kuliko yote. Betri yao ni ya volti 12, Ah 100. Kwa karatasi ni Wh 1,200, lakini betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku haikai muda mrefu. Basi wana Wh 600. Mashine, kadi na skrini zikicheza mchezo wa kisasa zinaweza kula wati 200. Hiyo ni chini ya saa tatu, kwani inveta nayo inakula. Wh 600 hizo hizo zinachaji simu zaidi ya ishirini.

Na wenye simu hizo wanafika asubuhi mapema. Wengi ni akina mama waliohama. Mmoja mume wake alivuka kwenda Burundi, mwingine hajui mtoto wake mkubwa alipita njia gani. Kuna anayeleta simu kila siku hata kama bado ina moto, asije akaikuta imezimika siku ambayo mtu atapiga.

Kadi haikununuliwa. Pesa zilienda kwenye pano ya pili ya jua, na zilizobaki anaziweka kwa ajili ya betri nyingine. Wapo vijana waliomwita mwoga. Lakini kadi bila umeme wa kuilisha ingekuwa pambo tu.

Jioni wanacheza PES 2013, ambayo inadai RAM ya GB 1 tu na sasa inakimbia bila kukwama. Mtoto yule wa Uvira alichagua Barcelona, akamwona Xavi katikati ya uwanja.

"Huyu si alikuwa kocha?"

Wakubwa wakacheka. Alifunga magoli mawili, kisha akauliza tena FC itakuja lini. Fundi akamwambia aende akahesabu pano juu ya bati. Mtoto akaacha manete, akatoka nje kuhesabu.