Uaminifu kwa Wanaoshindwa

Mwaka 1962 timu ya besiboli ya New York Mets ilishinda michezo 40, ikashindwa 120. Walakini watazamaji zaidi ya 900,000 walikwenda kuitazama. Siku hizi mtu huweza kuurudia msimu ule katika kompyuta. Mashine hupewa hesabu za kila mchezaji, kisha huamua kila zamu ya kupiga mpira kwa hesabu hizo pamoja na bahati. Mnyonge hushinda leo, lakini unyonge wake haufichiki msimu mzima. Mwenye kompyuta aweza kufuta kushindwa kwa kidole kimoja. Akistahi asifute, ameonja uaminifu wa watazamaji wale. Ubingwa wa Mets wa mwaka 1969 ulikuwa tunu kwa wote. Utamu wake ulikuwa wa waliokwisha kuonja uchungu.