Bibi wa Matombo na Fomu ya Uholanzi

Katika vijiji vya Matombo, mashariki mwa milima ya Uluguru, imani ya bibi haianzii kanisani. Huanza saa kumi na moja alfajiri, kitandani, rozari mkononi, kwa sauti inayotosha kuamsha wajukuu wote pamoja na mbuzi. Hakuna anayeulizwa kama yuko tayari kusali. Anayejifunika shuka huitwa kwa jina lake kamili la ubatizo, na hilo peke yake ni onyo.

Ukristo huo si wa juzi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha misheni Morogoro mwaka 1882 na Matombo mwaka 1897. Baadaye kazi ilishikwa na Waholanzi, na jimbo la Morogoro lilipoundwa mwaka 1953 askofu wake alikuwa Mholanzi. Bibi aliyezaliwa miaka ya mwisho ya 1930 alikaririshwa katekisimu kwa maswali na majibu, tena kwa Kiswahili, wakati nyumbani kwao waligombana na kuchekeshana kwa Kiluguru. Misa aliisikia kwa Kilatini mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hadi 1965, ulipoleta mabadiliko. Hadi leo, litania ikisomwa, wenzake hujibu kwa Kiswahili naye hujibu "ora pro nobisi", na hajapatikana mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo mwenye ujasiri wa kumsahihisha. Mbele ya padre humtaja Mungu. Goti likimuuma usiku humwita Mulungu.

Mambo haya yangebaki kuwa ya nyumbani tu kama si fomu moja iliyojazwa kwenye makao ya wazee huko Noord-Brabant, kusini mwa Uholanzi. Mjukuu wa bibi wa Matombo ameajiriwa hapo kuogesha, kuvisha na kulisha. Siku hiyo alipokewa mkazi mpya, ajuza wa miaka tisini na moja, na fomu ikafika kwenye kipengele cha roho: ni mambo gani yanayoyapa maisha yako maana? Palikuwa na visanduku vya kutia alama. Familia. Muziki. Mazingira asilia. Imani. Mengineyo. Chini yake palikuwa na swali kama mkazi angependa kuzungumza na mhudumu wa kiroho, na mara ngapi kwa mwezi. Ajuza alisoma mara mbili, akauliza kama anaruhusiwa kutia alama kwenye "imani" na "familia" kwa pamoja, kwa sababu yeye hajawahi kuvitenganisha. Aliruhusiwa. Kompyuta iliandika mistari miwili.

Mhudumu wa kiroho, kwa utaratibu wa Uholanzi, ni mtaalamu aliyesomea chuo kikuu. Anaweza kuwa Mkristo, Mwislamu au mtu asiye na dini yoyote. Hahubiri; anasikiliza, tena anasikiliza kweli, simu ikiwa imezimwa. Ila ana ratiba. Ajuza alipangiwa Alhamisi, saa nane na nusu. Jumatatu usiku alilia akimtaja mama yake, na aliyekuwapo ni yule wa kumbadilisha nguo, ambaye mkataba wake wa kazi hautaji roho popote.

Wazee wa Brabant wana historia inayofanana na ya Matombo kuliko wenyewe wanavyojua. Ajuza huyu alizaliwa katika nyumba ya watoto kumi na mmoja. Mjomba wake alikuwa padre. Waholanzi Wakatoliki walikuwa na neno maalumu la mjomba au baba mdogo wa aina hiyo, heeroom, na koo nyingi zilijivunia kuwa naye. Mjomba huyo alitumwa Afrika. Ajuza hakumbuki kama ilikuwa Kongo au Tanganyika. Anachokumbuka ni karatasi za rangi ya fedha za kufungia chokoleti, ambazo watoto wa shule walizilainisha kwa ukucha na kuzikusanya ziuzwe kwa faida ya misheni. Alikuwa na miaka saba, na aliambiwa kila karatasi inamsaidia mtoto wa Afrika amjue Yesu. Sasa anayemshikia kijiko cha supu ametoka kwenye moja ya hizo misheni. Mjukuu hakujua acheke au ashukuru, akaomba tu aonyeshwe namna karatasi hizo zilivyokuwa zinalainishwa.

Kilichotokea kati ya enzi hizo na sasa kinaonekana barabarani. Mwaka 2017, kwa mara ya kwanza, takwimu za taifa la Uholanzi zilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wa miaka 15 na kuendelea hawana dini wanayojihesabu nayo. Makanisa yanauzwa. Huko Maastricht, kanisa la Wadominiko la karne ya 13 limegeuzwa duka la vitabu, zuri ajabu, na wanywa kahawa wanakaa pale palipokuwa na altare. Misa ya Jumapili ya ajuza iko kwenye televisheni. Muuguzi humsogezea kiti, humwongezea sauti na kumwachia bilauri ya maji. Wakati wa kutakiana amani ananyoosha mkono kuelekea kwenye kioo cha televisheni.

Haifai kusema watu hao hawana upendo, ingawa kijiweni nyumbani ndivyo inavyosemwa, na aghalabu na mtu ambaye hajampigia mama yake simu tangu Pasaka. Pensheni ya uzeeni ya Uholanzi hulipwa kwa kila mkazi tangu mwaka 1957, awe ameajiriwa maishani mwake au hapana. Mwaka 2019 duka moja la Jumbo huko Vlijmen lilifungua kaunta ya malipo kwa wateja wasio na haraka, hasa wazee wanaoishi peke yao, wapate mtu wa kupiga naye soga wakati bidhaa zinahesabiwa. Mtu wa Morogoro akisikia hilo hucheka kwanza. Kisha huwaza mwenye duka ambaye ameona upweke wa mteja akautengea kiti, na kicheko kinapungua.

Bado kuna jambo linalokera. Fomu inauliza imani inamsaidia nini mwenye nayo, kana kwamba ni dawa ya presha. Bibi wa Matombo hangeelewa swali. Kwake, upendo wa Mungu si kitu kinachokaa moyoni kikisubiri kupimwa. Ni zamu, kama zamu ya maji. Na kwa kuwa kwa Waluguru ukoo na shamba hufuata upande wa mama, bibi huyu si mgeni katika nyumba ya mtoto wake. Wengine wote ndio wako kwake. Jina Matombo lenyewe, kwa Kiluguru, ni matiti ya mama, kutokana na umbo la miamba yake, hivyo pale nabii Isaya anapomlinganisha Mungu na mama asiyeweza kumsahau mtoto anyonyaye, katekista hana haja ya kueleza sana. Katekisimu ya zamani ilikuwa na moto mwingi. Bibi ameupunguza: watoto hawafundishi jehanamu kabisa, ameihifadhi kwa ajili ya wezi wa ndizi na mtendaji mmoja wa kijiji.

Mafundisho yake makubwa aliyatoa bila kukusudia. Babu, mume wa ndoa ya kanisani, alikuwa amezaa na mwanamke mwingine ng'ambo ya mto, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu isipokuwa daftari la parokia. Babu alipokwisha kuzikwa, mwanamke yule akaugua miguu, akawa hatoki ndani, na watoto wake wako Dar es Salaam. Bibi akaanza kumpelekea uji. Si mara moja. Masika yote, asubuhi, njia ikiwa na utelezi wa kuvunja kiuno, sufuria imefungwa kwa kanga. Binti yake alikasirika, akamuuliza kama kweli amemsamehe. Bibi akajibu kuwa hajui, anachojua ni kwamba uji umefika. Baadaye, akiwa anapepeta mchele, akaongeza: "Mungu anayenipenda mimi anampenda na yule. Hapo ndipo dini ilipo ngumu, mwanangu. Mengine yote ni nyimbo."

Kwenye fomu ya Brabant hakuna kisanduku cha uji.

Lakini wajukuu walioko ughaibuni nao wana tabia ya kulifanya kila neno la bibi kuwa hekima, wakishafika mbali na moshi wa jiko lake. "Mungu atajalia" ni imani, na pia ni jibu la mtu asiye na pensheni. Zanzibar huwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016. Bara kuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayosomeka vizuri, na hakuna posho ya kila mzee. Bibi amelima mlimani kwa miaka sitini, kwenye miteremko ambayo mbuzi huifikiria mara mbili, na hazina yake ya uzeeni ni watoto wanaotuma kwa simu wanapokumbuka. Sehemu ya utulivu wake ni ufukara uliovaa kanga safi.

Jumuiya nayo si malaika. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogondogo za Kikristo kipaumbele miaka ya 1970, ndizo zinazojua nani anaumwa, nani hana unga na nani hajasali miezi mitatu. Ndizo pia zinazojua nani hajalipa zaka, na zipo familia zilizowahi kuulizwa kadi ya malipo huku maiti iko ndani. Bibi ana kadi yake, imejaa, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na picha ya Moyo Mtakatifu. Alipoulizwa kama Mungu anapenda kwa risiti, alisema Mungu hapendi kwa risiti, ila katibu wa jumuiya anazipenda.

Ajuza wa Brabant aliongea na mhudumu wa kiroho Alhamisi ile, dakika arobaini na tano, na kwa haki yote yalikuwa mazungumzo mazuri. Alirudi chumbani ametulia na kuomba rozari yake iliyokuwa kwenye droo. Ameandikiwa miadi nyingine baada ya wiki mbili. Bibi wa Matombo hana miadi. Jumamosi ni zamu ya nyumba yake kupokea jumuiya, na anayetaka kumsalimia apande na sukari kilo moja.