Mguu unauma, msuli unabana: lini ukandwe na lini usikubali kuguswa

Leo siandiki kuhusu kitambaa wala mshono. Leo nataka tuzungumze miguu.

Wiki iliyopita alikuja biharusi mmoja dukani kwangu kujaribu gauni lake. Alipokaa akaanza kujisugua mguu, akasema, "Dada, miguu imechoka na mizunguko, msuli unanibana." Nikaweka pini chini, nikamuuliza: mguu mmoja au yote miwili? Unabana ukaachia, au hauachii? Umevimba? Akacheka. "Dada, umeacha ufundi umekuwa daktari?"

Mie si daktari. Nimemaliza kidato cha nne, nikasomea ushoni, na tangu hapo maisha yangu ni cherehani. Lakini nina kisa cha mguu wangu wa kushoto, na nimeona nikikaa nacho peke yangu nitakuwa sijawatendea haki dada zangu.

Msuli wa kawaida naujua vizuri

Fundi yeyote anaujua. Ikifika kumi la mwisho la Ramadhani, kila mtu anataka nguo yake ya Idi. Idi ikipita zinaingia harusi za mfungo mosi. Unakaa kwenye kiti tangu asubuhi, mguu uko kwenye pedeli, mchana umefunga, joto limekushika, na usiku maji unakunywa gilasi mbili tu kwa sababu unakimbilia kumaliza kazi. Basi ukilala tu, shavu la mguu linakukamata! Linakuwa gumu kama jiwe, unapiga kelele mpaka watoto wanaamka.

Huko ndiko kubanwa na msuli. Kunakuja ghafla, kunauma sana, kisha kunaachia baada ya sekunde au dakika chache. Pengine kesho yake unahisi mguu umechoka kidogo, basi. Kunyoosha goti na kuvuta vidole vya mguu juu, kuelekea kwako, kunasaidia. Na ukiweza kusimama ukatembea hatua chache, unaachia upesi zaidi.

Mara nyingi sababu ni hizo hizo za maisha yetu: msuli uliochoka, kukaa au kusimama muda mrefu, na maji machache mwilini. Wakati mwengine ni dawa, kama zile za presha zinazokojoza, au maradhi kama kisukari, figo au tezi la shingo. Kwa hiyo ukibanwa kila usiku wiki baada ya wiki, nenda kapimwe, usiseme tu ni uchovu.

Nilipokuwa na mimba ya tatu msuli ulinibana karibu kila usiku katika miezi ya mwisho. Nesi wa kliniki akanambia ni jambo linalowapata wajawazito wengi. Akanifundisha kunyoosha miguu kabla ya kulala, ninywe maji ya kutosha, na nisikae kwenye cherehani saa nzima bila kuinuka. Nikafuata, nikapata nafuu. Na nikajiona sasa nimeshakuwa mjuzi wa misuli.

Ujuzi huo ndio uliotaka kuniponza.

Siku ya kumi na mbili

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa kwa kupasuliwa. Alhamdulillah, yeye na mimi tulitoka salama. Hospitali waliniambia nisilale tu, niinuke nitembee kidogo kidogo kila siku. Lakini mnajua nyumba zetu mzazi anapolelewa. Unaletewa uji wa pilipili manga kitandani, mchuzi unaletewa kitandani, mtoto unaletewa kitandani. Ukiinuka kwenda dirishani unaambiwa, "Rudi ulale, mwanangu, una kidonda wewe." Na mimi baada ya miezi ya pilikapilika nikaona raha. Nikalala.

Siku ya kumi na mbili nikaanza kuhisi shavu la mguu wa kushoto linauma. Nikasema ni ule ule msuli wangu. Nikanyoosha goti, nikavuta vidole. Haukuachia. Nikasema pengine nimelala vibaya. Kesho yake bado unauma, na nikisimama unauma zaidi, mzito kama nimefungiwa mfuko wa mchanga. Sikumwambia mtu. Nilijua atakuja bibi mkandaji, nikasema mikono yake itaumaliza.

Bibi huyu alinikanda kwa uzazi wangu wa kwanza na wa pili. Safari hii, kwa kuwa nilipasuliwa, tulikubaliana tumbo haligusi, ni miguu, mgongo na mabega tu. Siku ya kumi na nne akaja na mafuta yake, maji ya moto tayari, mama mkwe amekaa pembeni amempakata mtoto.

Akaweka mkono wa kulia kwenye mguu mmoja na wa kushoto kwenye mguu wa pili. Akanyamaza. Akaibadilisha mikono. Kisha akafuta mafuta kwa kanga yake akasema, "Huu una moto, na huu hauna. Huu umejaa, na huu haukujaa. Mguu huu mimi siukandi. Mpelekeni hospitali leo."

Mama mkwe akasema, "Lakini bibi, arobaini haijatoka, atapigwa na upepo huyu." Bibi akamjibu kwa upole tu: "Bora upepo, mwanangu."

Mimi bado nilitaka kubisha. Nikaomba tepu yangu ya kupimia nguo. Nikapima shavu la mguu wa kulia pale lilipo nene: inchi kumi na tatu na nusu. Nikapima wa kushoto mahali pale pale: inchi kumi na tano. Mashoga, mie kazi yangu ni kupima miili ya watu. Inchi moja na nusu ni tofauti ya gauni kuingia na gauni kukataa. Hapo nikaacha ubishi, mume wangu akaitwa kazini.

Walichokikuta

Nilipimwa kwa ultrasaundi, ile mashine wanayotazamia mtoto tumboni. Daktari akanionesha kwenye kioo: damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, ule ulio ndani kabisa, sio hii inayoonekana juu ya ngozi.

Nikamuuliza imekuwaje, na mimi si mzee. Akanifahamisha hivi. Mwanamke akiwa mjamzito damu yake inakuwa nyepesi kuganda, ni namna mwili unavyojitayarisha ili asitokwe na damu nyingi wakati wa kuzaa. Hali hiyo haiondoki siku ile ile aliyojifungua, na hasa wiki sita za mwanzo hatari inakuwa kubwa. Kupasuliwa kunaongeza. Kulala bila kutembea kunaongeza, kwa sababu misuli ya mguu ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Na kwa wajawazito na wazazi, mguu wa kushoto ndio unaopatwa zaidi. Yote yalikuwa juu yangu.

Nikamuuliza, na ningekandwa je? Akasema pande la damu linaweza kukatika likasafiri mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa ghafla. Nililia pale pale na mtoto wangu kifuani. Nilikuwa nimemsubiri bibi kwa hamu ili aukande!

Nilichomwa sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda, kisha nikapewa vidonge kwa miezi mitatu, kila baada ya muda nakwenda kupimwa damu. Walinihakikishia dawa nilizopewa hazinizuii kunyonyesha. Uvimbe ulishuka taratibu. Mpaka leo nikisimama sana mguu ule unakuwa mzito jioni. Na nimeambiwa mambo mawili ya kukumbuka: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni si vyangu tena, na nikipata mimba nyengine nikaseme kliniki mapema ili nipewe kinga.

Maswali ninayomuuliza kila mtu sasa

*Unabana ukaachia?* Huenda ni msuli. Nyoosha, kunywa maji, pumzika.

*Ni mguu mmoja, umevimba, una moto au umebadilika rangi, unauma bila kuachia?* Usikandwe, usichuliwe dawa, usiwekwe maji ya moto. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama na pumzi inakukata, kifua kinauma au unakohoa damu, usisubiri hata saa moja.

*Maumivu yanaanzia kiunoni yanashuka mpaka mguuni, na ganzi?* Huenda ni mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni. Sisi tunaoinamia cherehani tunalijua hili.

*Nyayo zote mbili zinawaka moto au zinafanya ganzi?* Kapime sukari.

*Unauma ukitembea, ukisimama unaacha?* Huenda damu haifiki vizuri mguuni, na wazee, wenye kisukari na wavutaji sigara ndio hasa. Wapelekeni wazazi wetu wakapimwe.

*Miguu mizito jioni na mishipa imetuna?* Inua miguu juu ukipumzika, na muone daktari akuangalie.

*Mjamzito, umevimba uso na mikono ghafla, kichwa kinauma sana na unaona nyota?* Hiyo si miguu tena, huenda ni presha ya mimba. Hospitali mara moja.

Kwa maharusi

Nyinyi mnasema, hayo ni ya wazazi, sisi tunahusika vipi? Mnahusika.

Viatu virefu vijaribu wiki kadhaa kabla, vaa nyumbani nusu saa nusu saa. Biharusi anayevivaa mara ya kwanza siku ya harusi, shavu la mguu linamkamata juu ya jukwaa. Weka ndara chini ya kiti, gauni ni refu, hakuna atakayeona. Na kunywa maji siku hiyo. Najua mnayakwepa kwa sababu ya gauni na msalani, lakini mwambie somo wako akusaidie.

Mnapokaa ndani kwa ajili ya singo na hina, msikae tu wiki nzima. Inuka, tembea ukumbini, zungusha vifundo vya miguu.

Na jambo ninalolisikia sana dukani: vidonge vya kuchelewesha hedhi ili isiangukie siku ya harusi, au Umra baada yake. Usivinunue kimya kimya kwa kuwa shoga yako alivitumia. Mwone daktari kwanza, mwambie kama wewe umewahi kuganda damu, au kama mama yako au ndugu yako yalimpata, kwa sababu si kila mtu anafaa kuvimeza. Na safari ndefu za ndege, kila baada ya muda inuka utembee.

Na kwa mama zetu na mama wakwe

Siwaambii tuache mila. Mila ndiyo iliyoniokoa, maana bila ya bibi mkandaji mimi ningeendelea kuvuta vidole kitandani. Yeye hakusoma udaktari, lakini alijua mpaka wa mikono yake, na alipoufikia alisimama. Ninachoomba, mzazi alelewe lakini atembezwe pia, hata kama ni kutoka chumbani mpaka ukumbini. Na arobaini isiwe kufuli. Nifasi inatuzuia swala na saumu, haituzuii kwenda kwa daktari. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha tutafute tiba, na kutafuta tiba ni katika kumtegemea Allah.

Ndizi, dafu, tangawizi, mafuta ya karafuu, vyote ni vizuri mahali pake. Lakini hakuna hata kimoja kinachoyeyusha damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Yule biharusi wangu, alhamdulillah, ilikuwa miguu yote miwili na viatu vipya. Nikampa maji, tukaendelea kupima. Bibi yetu bado anakanda mtaani kwetu. Kila nikishona nguo za Idi huwa namkatia gauni lake mwanzo kabisa, kabla ya mteja yeyote. Kipimo chake nakijua kwa moyo.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awape wepesi wazazi wote, na awatimizie maharusi wetu kwa kheri na afya. Amin.